Fani ya Moto

Mwaka wangu wa kwanza katika jumuiya ya kujitolea niliumaliza nikijua mambo mengi, kila moja kidogo. Nilijua kufunga bandeji, kumlaza vizuri mtu aliyezimia, kuongea kwenye redio koli bila kuogopa sauti yangu mwenyewe, na kupanga foleni ya akina mama siku ya chanjo. Mwaka wa pili kila mwanachama alitakiwa kuchagua fani moja na kukaa nayo. Mratibu wetu, mama wa Kifipa aliyekuwa akiongoza kwaya kanisani kwao, hakuona haja ya kuniuliza. Alikuwa ameshaniweka kwenye huduma ya kwanza.

"Wewe una mkono mwepesi," aliniambia. "Mtu anayeshona sare za shule mwaka mzima atashindwaje kufunga kidonda?"

Ni kweli, mimi ni fundi cherehani. Nina cherehani yangu kwenye baraza ya duka moja karibu na soko la Mpanda, na siku hizo, kama sasa, Jumamosi mchana nilifunika cherehani kwa khanga, nikavaa kizibao cha jumuiya na kwenda kwenye chumba tulichoazimwa nyuma ya ghala la mahindi. Tulikuwa watu wa kawaida kabisa: mwalimu wa chekechea, waendesha bodaboda, muuza dagaa, vijana waliomaliza kidato cha nne wakiwa bado hawajui waende wapi.

Kabla ya kuchagua, tulipewa Jumamosi moja kwa kila fani ili tuonje. Huduma ya kwanza nilisifiwa. Kwenye uokoaji wa majini walitupeleka bwawani, na hapo nikagundua kwamba mwili wangu ukiona maji unataka kwenda chini tu. Siku ya moto tulikuja wachache, maana ilisemekana mkufunzi wake anachosha.

Alikuwa mzee wa Sitalike, mrefu, mwenye kufunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Ujana wake wote alikuwa amefanya kazi ya moto kule hifadhini, na alipostaafu akaanza kutufundisha sisi bila malipo, akija na basi dogo asubuhi na kurudi jioni. Alituongoza hadi kwenye shamba lisilolimwa, nje kidogo ya nyumba za mwisho, ambalo mwenye shamba alikuwa ameturuhusu kulitumia. Tulifyeka na kukwangua ukanda wa kulizunguka. Kisha akawasha majani kidogo pembeni, akasema, "Chuchumaeni. Angalieni."

Basi. Hakusema kingine. Tulichuchumaa mpaka magoti yakauma. Moto ulitambaa polepole, ukafika mahali, ukaacha majani makavu mazuri yaliyokuwa mbele yake na kukata kushoto.

"Umegeuka kwa nini?" akauliza.

"Upepo," akasema kijana mmoja wa bodaboda.

Mkufunzi akachota vumbi, akaliachia. Likaelekea kulia.

"Majani ya kulia mabichi," akasema mwingine.

Akang'oa moja, akalivunja. Likalia kama kijiti cha kiberiti.

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa karibu na ardhi, kama ninavyofanya nikitaka kuona kama pindo limenyooka. "Upande wa kushoto kuna mwinuko kidogo," nikasema. "Moto umepanda."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Unapandaje, na hauna miguu?"

"Sijui."

"Nitakuja Jumamosi, uniambie."

Wiki nzima nilikuwa nalo lile swali. Nilishona sketi za bluu huku nikiwaza moto unavyopanda. Siku moja, nikiwasha jiko la mkaa, niliinamisha njiti ya kiberiti kichwa kikiwa chini, moto ukapanda mbio hadi ukaniunguza kidole. Nikawasha nyingine, nikaisimamisha kichwa juu. Ikawaka taratibu, karibu kuzimika. Mwenye duka aliniuliza kama nimerukwa na akili, kumaliza boksi la kiberiti mchana kweupe. Lakini nilikuwa nimeelewa. Joto linaenda juu, linakausha na kuchoma kilichoko juu yake kabla moto wenyewe haujafika. Mlimani, majani ya juu yanaiva mapema kwa ajili yake.

Watu huniuliza kwa nini nilichagua fani ile, wakitegemea niwaambie kuhusu nyumba iliyoungua au ndugu niliyempoteza. Sina habari kama hiyo. Nilichagua kwa sababu ya njiti ya kiberiti. Tangu nitoke shule hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali lililonikosesha raha kwa namna ile nzuri.

Mratibu alisikitika. "Moto? Mwanamke utabeba bomba la maji mgongoni, ukimbizane na vijana porini?" Lakini aliandika jina langu mahali nilipotaka, akiguna.

Kazi ilikuwa kumwambia baba.

Wazazi wangu wanakaa Katumba. Babu na bibi walifika pale wakitokea Burundi, baba akazaliwa wakiwa bado wanajenga kibanda cha kwanza, na uraia aliupata akiwa mtu mzima mwenye watoto. Analima mahindi na tumbaku, lakini ukimuuliza yeye ni nani atakwambia ni mrinaji wa asali. Mizinga yake ya magome ya miti aliitundika ndani ya msitu unaoelekea Ugalla, na aliijua kila mmoja kama mtu anavyowajua ng'ombe wake. Akiwa na furaha ananiita *mwana wanje*, yaani mwanangu kwa Kirundi. Akikasirika anahamia Kiswahili.

Nilimwambia Jumapili, tukiwa tumekaa nje baada ya kanisa, mama akikoroga uji.

"Moto wa nini?" akauliza.

"Wa porini, baba. Kuuzuia na kuuzima."

"Na wamekwambia nani anauwasha?"

"Wametaja wengi. Wanaosafisha mashamba, wachoma mkaa, wachungaji."

"Na nani?"

"Na warinaji. Kwa ajili ya vienge."

Kienge ni fungu la majani na magome linalowashwa kufukuza nyuki wakati wa kurina. Moshi wake ni mzuri, lakini cheche zinadondoka, na mrinaji akiwa juu ya mti hawezi kuona kila kinachoanguka chini. Baba alikijua kienge tangu utotoni.

"Kila mwaka msitu ukiungua, sisi ndio tunaitwa mkutanoni," akasema, na sasa kilikuwa Kiswahili kitupu. "Tunasimamishwa mbele za watu kama wezi. Sasa hata mtoto wangu amepewa kizibao aje kunichunguza."

"Sikuja kukuchunguza, baba."

"Kazi yako ni ipi basi?"

"Mwache anywe uji kwanza," mama akasema.

Nilikunywa uji. Tangu siku ile baba aliongea nami habari zote: mvua, bei ya mbolea, afya ya shangazi aliyeko Mwese. Moto hakuutaja, na mimi sikuutaja.

Mafunzo yangu yalichukua misimu miwili ya kiangazi. Jambo la kwanza mkufunzi alilokagua ni nguo. Alitembea mbele yetu akishika mashati yetu kwa vidole viwili. Jezi za mpira zote alizikataa, kwa kuwa kitambaa kile kikipata moto kinayeyuka na kuganda mwilini. Hapo ufundi wangu ukapata kazi: nilinunua khaki ya pamba nzito, tukachangishana, nikawashonea wenzangu wote suruali na mashati yenye mikono mirefu. Yule kijana wa bodaboda alilalamika kwamba anafanana na mlinzi wa benki. Hata hivyo alivaa.

Tulijifunza kulima njia ya moto, yaani ukanda uliokwanguliwa hadi udongo mtupu ili moto ukifika ukose chakula. Tulijifunza kupiga moto kwa fimbo ndefu yenye kipande cha mpira wa gari mwishoni, ukiubonyeza badala ya kuupigapiga, maana ukiupigapiga unatawanya cheche. Tulibeba mabomba ya mgongoni, yale yale ambayo wakulima hupulizia dawa tumbaku. Mkufunzi hakuruhusu mtu kukimbia. "Ukikimbia utavuta moshi mwingi," alisema. "Halafu nikubebe, na mgongo wangu mbovu."

Mambo hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni sauti.

Mwisho wa msimu wa kwanza kila mmoja alipewa zamu ya kuongoza mstari wakati tukichoma ukanda mdogo wa majani mapema, kabla hayajakauka sana. Kiongozi wa mstari hashiki chombo. Anasimama nyuma kidogo, anatazama moto na watu, anasema nani asogee na nani arudi. Nilimwona muuza dagaa amesimama mahali ambapo moshi ungemzunguka baada ya muda mfupi. Nikasema, "Kaka, samahani, naomba usogee kidogo." Hakusikia. Nikasema tena, vilevile. Mkufunzi akapiga filimbi, akasimamisha zoezi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwomba asogee."

"Moto haumwombi," akasema. Hakuwa na ukali. "Una macho mazuri kuliko wote hapa. Lakini kitu umekiona peke yako, umebaki nacho. Msimu ujao urudi."

Wenzangu wawili walifuzu mwaka ule. Mimi nikarudi kwenye sketi za bluu.

Haikuwa aibu tu. Nilikuwa nimelelewa kusema polepole. Nyumbani kwetu binti haiti mtu mzima kwa kelele, na mwanaume humwambii "ondoka hapo," hata kama anakanyaga miche yako. Nilimweleza mratibu, naye akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanichukua kanisani siku ambayo hakukuwa na mazoezi ya kwaya, akanisimamisha mlangoni, yeye akaenda madhabahuni.

"Niite," akasema.

Nikamwita.

"Sauti unaitia kooni. Itie hapa." Akajipiga chini ya kifua. "Na usimalizie kwa kuuliza. Sema kama unayesoma tangazo."

Tulirudia majuma mengi. Nilijifunza maneno mafupi: rudi, simama, kushoto, shuka. Nilijifunza kuyasema bila samahani mbele na bila tafadhali nyuma. Mara ya kwanza yaliponitoka vizuri, njiwa waliruka kutoka darini, na mratibu akapiga makofi peke yake kule mbele.

Msimu wa pili ulipofika mwisho, jua likiwa limeshakausha hata majani ya mabondeni, simu ilikuja mchana. Moshi ulikuwa umeonekana msituni upande wa Ugalla. Nilijua ni upande gani kabla mratibu hajamaliza kusema. Tulipanda kwenye lori dogo la mahindi, sisi, mabomba yetu na fimbo zetu, na mkufunzi, ambaye kwa bahati alikuwa Mpanda siku ile.

Tulipofika, wanakijiji na maofisa wa misitu walikuwa wameshaanza kupambana upande wa mashariki, ulio karibu na mashamba. Mkufunzi alisikiliza, akatazama anga, akatugawa. Yeye alienda mashariki na nusu ya kundi. Nusu nyingine akanipa mimi.

"Kuna njia ya zamani ya matrekta ya kubeba magogo," aliniambia. "Shika hiyo. Utaona mwenyewe. Nitakuwa kwenye redio."

Njia ile ilikuwa pana, majani yakiwa yameota katikati tu. Ng'ambo yake, moto ulikuwa bado mbali kiasi cha kusikika bila kuonekana. Kati ya njia na moto kulikuwa na kipande cha msitu wenye majani marefu, na kwenye miti ya kipande kile niliona mizinga ya magome. Nikajua ni ya nani kwa jinsi ilivyofungwa, fundo mara mbili, ncha ya kamba ikiangalia juu.

Baba alikuwa juu ya mti, anafungua kamba ya mzinga. Chini yake mingine michache aliyokwisha kuishusha ilikuwa imelala kwenye majani, nyuki wakizunguka kwa hasira.

Nilichota vumbi, nikaliachia. Upepo ulikuwa unavuta kuelekea kwenye moto, kama moto mkubwa unavyovuta hewa. Usingedumu hivyo. Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja: kuwasha sisi wenyewe kutoka ukingoni mwa njia, moto wetu uingie ndani ukutane na ule mkubwa, na ule mkubwa ukifika ukute pameshaungua. Tukisubiri, ungeruka njia, na nyuma yetu palikuwa na msitu usio na mwisho na mizinga ya warinaji wengine wote.

Nikaongea na mkufunzi kwenye redio, nikamweleza ninachokiona.

"Kuna watu mbele?" akauliza.

"Mmoja. Ni baba yangu. Na mizinga yake."

Redio ikakoroma. "Mtu akitoka, washa."

Nilitembea mpaka chini ya mti.

"Baba, shuka."

"Bado mmoja," akasema bila kunitazama. "Na ule pale. Nikimaliza huo nashuka."

"Tunawasha kutoka njiani. Shuka."

"Mwana wanje, hii ni kazi ya—"

"Baba! Shuka! Sasa!"

Ilitoka chini ya kifua. Wenzangu njiani waligeuka wote. Sikuwahi maishani kumpandishia baba sauti, na hata leo nikikumbuka shingo inapata joto. Alinitazama kutoka juu, uso wake ukiwa na uvimbe wa kuumwa na nyuki, na sikuweza kusoma anawaza nini. Kisha akaachia kamba, akashuka. Tulikokota mizinga iliyokuwa chini hadi upande wa pili wa njia, uliokuwa salama, yeye na mimi.

Niliwapanga watu kando ya njia, wakiuangalia msitu wa nyuma ili cheche ikiruka iuawe. Kijana wa bodaboda akafunga fungu la majani, akaliwasha, akaanza kuliburuta ukingoni. Likazimika. Akafunga jingine, likawaka lote kwa mkupuo na kumwangukia miguuni.

Baba alikuwa amesimama pembeni, mikono mitupu. Alimwangalia kijana. Akainama, akachukua majani, akayachanganya na magome aliyoyabandua kwenye gogo lililooza, akayakaza kwa kamba yake mwenyewe, akizungusha na kuvuta, akizungusha na kuvuta. Akaja, akanikabidhi kienge.

"Hiki hakizimiki," akasema. "Na hakikimbii."

Nilikishika. Kilikuwa kizito na kimebana kama mkono wa mtu. Nilimpa kijana, nikamwonyesha aanzie wapi, nikarudi mahali pangu nyuma ya mstari. Moto wetu ulishika, ukasita, kisha ukaelekea ndani, ukivutwa. Nilitoa sauti nilipopaswa kuitoa. "Wewe wa mwisho, rudi. Kushoto, cheche. Simama." Watu walifanya. Baba pia, aliyekuwa ameokota tawi bichi na kusimama kwenye mstari bila kuambiwa. Nilipomwita "wewe wa kati, sogea," alisogea.

Niliona mzinga wa kwanza ukishika. Gome lile ni kavu, na ndani kuna nta. Uliwaka kwa mwanga mweupe, ukadondoka. Kisha mwingine. Sikuhesabu. Mioto miwili ilipokutana kulikuwa na mlio kama wa turubai linalopasuka, halafu moto ukapungua, na ukimya wake ukanishangaza kuliko kelele.

Tulikaa pale hadi jua likawa la manjano, tukizima visiki. Baba alikuja kukaa karibu nami kwenye gogo. Nilimpa chupa ya maji. Akanywa, akanirudishia.

"Ulinipigia kelele," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Mbele ya watu."

"Nisamehe."

Alisugua mkono uliovimba. "Kule juu nilikuwa siuoni moto," akasema. "Naona mzinga tu. Nikishika mmoja naona unaofuata." Akatazama weusi uliokuwa unafuka. "Nani kauwasha, mmejua?"

"Hatujajua. Hatukuja kutafuta hilo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea jibu ili akalifikirie nyumbani.

Hakuna aliyewahi kujua. Palikuwa na mkutano, warinaji wakaitwa kama kawaida, lakini safari hii maofisa walieleza na watu wakasikia kwamba moto ulianzia mbali na mizinga. Baba alisimama akasema maneno machache kuhusu vienge, kwamba bomba la kufukizia nyuki, ambalo moto wake umefungwa ndani ya kopo, ni zuri zaidi na kwamba binti yake anaweza kuonyesha matumizi yake kwa anayetaka. Mama ndiye aliyenisimulia. Baba mwenyewe hakuniambia.

Mkufunzi aliniambia nimefuzu tukiwa tunasubiri basi lake la kurudi Sitalike, akisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Aliongeza kwamba nilipaswa kuwasha mapema kidogo. Nilikubali, na bado nafikiri alisema kweli.

Siku hizi nafundisha wanaoingia. Kila mwaka, majani yanapoanza kugeuka rangi lakini yana unyevu bado, naenda Katumba siku kadhaa. Baba ana mizinga ya mbao sasa, michache, ameitundika mahali papya, na tunalima ukanda kuizunguka, yeye na jembe, mimi na reki, kisha tunauchoma jua likianza kulegea. Mwaka huu alikuwa na haraka, alitaka kuwahi kumwagilia bustani. Alishakuwa na kiberiti mkononi.

"Bado, baba," nikamwambia. "Upepo haujatulia."

"Unatulia saa ngapi?"

"Tukae kwanza."

Akaketi. Mama alikuwa ametufungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa, tukamenya, tukala. Nyuki walikuwa wanarudi mmoja mmoja kutoka maua ya mbali, wakiingia kwenye tundu la mzinga. Baba aliwaangalia, akaniuliza kama shule zimeanza kuagiza sare, nami nikaanza kumweleza.